Moïse Alitoa Ushuhuda Mapema

Karibu na soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi, chini ya mabati ya bluu, Moïse iko na cherehani yake na viti viwili vidogo. Kimoja ni cha mteja. Kile kingine hakikaliwi. Ukijaribu, atakuambia kwa adabu, “Hapo ni pa Mama Divin, mzee wangu,” na wewe utabaki umesimama, hata kama Mama Divin haiko.

Mama Divin ni Espérance, mke wake. Walitoka pamoja Fizi, kule Kongo, wakatembea njia yote ile pamoja, na hapa Malawi njo walipoachana. Si ngumi zilizomwondoa, ni kachasu, ile pombe kali ya hapa. Alichoka kusikia habari za mume wake kwa majirani kila asubuhi. Akakunja nguo za mtoto wao Divin, akaosha sufuria ya mwisho na kuifunika, kisha akaenda Nathenje kwa dada yake, ambako wanauza mboga sokoni.

Baada ya hapo Moïse alikunywa bila kujificha. Siku moja alienda Chinsapo, mtaa wa Lilongwe, kutafuta vitambaa, akarudi na kesi. Alilewa huko, akaegemea kabati la vioo la mama mmoja muuza mandazi, likapasuka, na polisi alipokuja kuuliza, akamsukuma. Mahakamani nilisimama naye mimi, mzee wa kambini, maana walitaka mtu mzima wa kumsindikiza, na mi ni mtu wa kutembea-tembea. Hakimu akasema hatamfunga. Atakwenda kwa washauri wa walevi, pale Lilongwe, mpaka wamalize naye. Akikosa kwenda, gereza.

Kambini bantu walimcheka.

“Watakuchoma sindano, halafu kachasu itakunukia mavi ya kuku!”

“Hapana, watakufungia na wazimu. Utawashonea suruali!”

Moïse hakucheka. Usiku wa kuamkia safari alipiga pasi koti lake la kanisani.

Hakukuwa na sindano wala wazimu. Kwanza walimpeleka kwa nesi, akatazama mikono yake inavyotetemeka, akampima presha. Nesi alimkataza kuacha ghafla peke yake, maana mwili uliozoea kila siku unaweza kupata kifafa. Akampa vidonge vya siku za mwanzo na kumwambia arudi aangaliwe. Baada ya hapo njo akaingia kwa mshauri, mama wa Kimalawi anayeitwa Amanda. Guy alitafsiri. Huyu ni mtu wa Uvira, aliyepita mlango uleule zamani na sasa anasaidia wengine.

“Mwingine analetwa na mke, mwingine na pasta, wewe umeletwa na hakimu,” Amanda alisema. “Mlango ni mmoja. Utakuja kila juma, utakaa na wenzako, mtasema. Siku yoyote tunaweza kukupima mkojo. Hakimu nitamwandikia kama unakuja na kama unajaribu. Ya moyoni mwako yatabaki hapa, isipokuwa ukitaka kumdhuru mtu ao kujidhuru. Ukianguka, uniambie wewe mwenyewe, tutaanzia pale. Ukijificha, sitakuwa na neno la kukutetea.”

Moïse aliinama. “Na bibi yangu? Hakimu iko na dawa ya kumrudisha?”

“Papa, hapa hatugawi babibi,” Guy akamjibu, na hata Amanda alicheka alipotafsiriwa. Kisha akaeleza kwamba mbele kuna siku ya familia. Unaweza kumwita mtu wako. Yeye anaweza kukataa.

Moïse alishika hilo moja tu. Mengine yote yalimpita.

Sasa, kwetu mtu akisimama mbele ya wenzake kusema ubaya wake, tunajua namna. Unaanza na dhambi, unamaliza na ushindi, watu wanapiga makofi. Hakuna anayesimama kanisani kusema, “Bado.” Ilipofika zamu yake katika mzunguko wa viti, Moïse alifunga vifungo vya koti.

“Bwana asifiwe!”

“Amina!” Wote waliitika, hata Aruna wa Kindu, ambaye ni Mwislamu. Alishtuka mwenyewe, akatazama dari.

Moïse alisema vizuri. Alieleza shimo, akaeleza mkono uliomtoa, akatangaza kwamba kiu imekufa na imezikwa. Akamaliza kwa wimbo. Guy alipiga makofi kwa mazoea. Amanda akangoja wimbo uishe.

“Zikomo,” akamshukuru. “Na jana jioni, ilikuwaje?”

Moïse akakaa chini. Hakuwa na ushuhuda wa jana jioni.

Lakini sifa ilikuwa imekwisha kutoka nje. Wamama wa kanisa waliisikia kwake mwenyewe, wakaipeleka hadi Nathenje, na Espérance akapiga simu. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti cha mteja.

“Baba Divin, nimesikia. Siku ya familia nitakuja.”

Moïse aliendelea kushika simu sikioni hata baada ya kukatika. Siku ile alinunua kitambaa cha kijani, rangi ambayo Espérance alipenda tangu usichana wake, aanze kumshonea gauni. Njiani akakutana na marafiki, akawaambia, wakamshangilia. Amanda alikuwa amewaonya kwamba furaha pia inaangusha, lakini Moïse alisikia hiyo wakati anafikiria wimbo.

Juma lililofuata hakwenda Lilongwe. Siku moja kabla ya siku ya familia nilimkuta anashona gauni lile. Mshono wa ubavuni ulikuwa unakwenda kama njia ya mbuzi.

“Mzee, siwezi,” akasema. “Mtu aliyesema kiu imekufa, anarudi kusema imefufuka? Mbele ya Mama Divin? Afadhali gereza.”

“Gerezani hatakuja kuvaa gauni.”

“Atakuwa ameshika heshima yake.”

“Mi kesho naenda Lilongwe, nataka kumwona yule mama mshauri kwa shida yangu mwenyewe. Miguu yangu inaniuma. Unisindikize tu.”

Alijua ninamdanganya. Alikunja gauni, akaliweka ndani ya mfuko. Asubuhi tulipanda baiskeli za kabaza mpaka barabarani, kisha minibasi.

Espérance alikuwa amefika kabla yetu. Alikaa katika ule mzunguko, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, mikono juu ya mkoba. Alikuwa amekonda. Moïse alimtazama kama mtu anayetazama ng’ambo ya ziwa na hana mtumbwi.

Akasimama. “Bwana…” Akafungua vifungo vya koti, vyote, akakaa tena.

“Nilikunywa,” akasema. “Siku uliyopiga simu. Nilifurahi, nikanywa. Juma lililopita nilijificha. Jioni njo mbaya kwangu. Jioni nakusikia unaita mtoto, halafu naona si wewe, ni jirani. Leo pia kiu iko. Hata sasa.”

Hakuna aliyesema amina. Espérance alitazama chini, na machozi yakadondoka juu ya mkoba. Nilidhani atasimama aondoke.

“Ni mara ya kwanza,” akasema pole pole. “Mara ya kwanza unaniambia wewe, kabla ya jirani kuniambia.”

Amanda akasema atamwandikia hakimu kwamba Moïse alikosa juma moja, alianguka, akaja mwenyewe kusema, na kwamba yeye anaomba aendelee. Hakimu atakavyoamua, hakuahidi.

Nje, Moïse alitoa gauni. Espérance alilipima kifuani, akapitisha kidole kwenye ule mshono wa ubavu.

“Hii uliishona umelewa?”

“Niliishona na aibu.”

“Ifumue.” Akamrudishia. “Siji nyumbani, Baba Divin. Usiwaambie bantu nimekuja nyumbani.”

“Sitasema.”

“Juma lijalo nitakuwa hapa. Ulete gauni, nilipime tena.”

Akavuka barabara kutafuta gari la Nathenje. Moïse alisimama mpaka lilipoondoka na baada ya hapo, watu wakimpita kulia na kushoto. Ndani ya minibasi alitoa kiwembe cha kazi mfukoni, akaanza kukata uzi wa mshono, mmoja mmoja, taratibu, asije akajeruhi kitambaa.