Dawa Iko, Lakini Iko ya Mutu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufunguo, kalamu na onyo. Arua ilikuwa bado haijaitwa jiji, na bohari yetu ilikuwa ya kampuni binafsi iliyouza dawa kwa jumla kwa zahanati na hospitali za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mkuu wa bohari, mzee mwenye sauti ya gwaride kwa kuwa alilelewa katika kambi ya jeshi, aliniambia kwamba dawa ikiisha nisimwambie mteja kuwa imeisha. Niseme, "Hapa haipo." Nilidhani ni adabu ya biashara tu, kumbe alikuwa anasema ukweli mtupu. Tulijua kilichokuwa ndani ya kuta zetu, basi.

Tulikuwa na tawi Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Kila dawa ilikuwa na kadi ya bohari, yaani karatasi ngumu iliyoning'inia kwenye rafu, ambapo kila kilichoingia na kutoka kiliandikwa. Kadi za Koboko zilikaa Koboko, nasi Arua tulipata muhtasari mwisho wa mwezi. Katikati ya mwezi tulikuwa vipofu.

Wakati wa mvua, baba mmoja wa Ayivu, mashambani nje ya mji, alikuja na baiskeli hadi mlangoni kwetu, ameshika karatasi ya daktari. Mtoto wake alikuwa ameumwa na nyoka kwenye shamba la muhogo. Nikamwambia lile neno nililofundishwa: hapa haipo. Mtoto hakupona. Wiki ileile dereva wetu wa Koboko, akila enyasa, ugali wetu wa muhogo, alitaja bila kujua lolote kwamba friji ya kule ilikuwa na dawa ya sumu ya nyoka na hakuna mtu aliyeiulizia. Nililia mbele ya watu, na sioni haya kuliandika hili. Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu: mgonjwa asife kwa kukosa dawa ambayo ipo.

Ndiyo maana chuo kimoja cha mjini kilipotangaza kozi ya mifumo ya taarifa za biashara, nilijiandikisha. Mume wangu aliuliza kama nataka kuwa mpiga chapa. Wenzangu darasani walikuwa na umri wa wanangu, wakaniita Mama, na kila mtihani ulipokaribia walikuja kwangu kuombewa dua badala ya kusoma. Wengi waliamini tutafundishwa kompyuta. Mkufunzi wetu, mtu mwembamba asiyecheka, alitukatisha tamaa asubuhi ya kwanza.

"Kompyuta haijui kitu," alisema. "Inajua mliyoiambia. Nendeni kwanza mkasimame mahali kazi inapofanyika, mtazame, mnyamaze."

Hilo la kutazama na kunyamaza ndilo linaloitwa uchambuzi wa mfumo. Unafuata taarifa kama unavyomfuata kuku anayeficha mayai: inatoka kwa nani, inakwenda kwa nani, inapotea wapi. Ukishaielewa njia yake ndipo unajenga hifadhidata, yaani ghala la taarifa ambamo kila jambo lina mahali pake pekee, na kila aliyeruhusiwa huliona vilevile, awe popote. Tulifundishwa pia uhasibu, sheria za biashara na namna ya kuzungumza na wakubwa wasiopenda mabadiliko. Somo hilo la mwisho lilinifaa kuliko yote.

Nilipohitimu, kampuni ilikuwa imenunua mfumo kutoka Kampala, nami nikafanywa ofisa mifumo. Siku matawi mawili yalipounganishwa tulijazana mbele ya skrini Arua. Mtu wa Koboko akauza katoni moja ya maji ya dripu, na palepale, mbele ya macho yetu, hesabu ya dripu za Koboko ikapungua. Mhasibu wetu, mlokole, akavua kofia. Vijana wa leo mnaona ni jambo la kawaida. Mimi mpaka sasa naliona ni la ajabu, kwamba kilichofanyika Koboko kinajulikana Arua kabla mteja hajafunga mfuko wake.

Nilifikiri kazi imekwisha. Kisha nikahamishiwa Koboko. Msimamizi wa tawi alikuwa mtoto wa mwanajeshi, mtu wa swala tano, ambaye mji mzima ulimwita Hajji. Wiki ya kwanza mteja aliomba dawa, skrini ikaonyesha ipo, Hajji akasema haiuzwi. Nikamwuliza kwa nini.

"Madamu, dawa iko," alinijibu. "Lakini iko ya mutu. Mimi nilishasema na yeye. Sasa akikuja nitamwambia nini?"

Nikafanya kama mkufunzi alivyotuagiza, nikasimama na kutazama. Wenye zahanati za mpakani hawakuwa na mtandao wala nafasi ya kuja kila siku. Walimwambia Hajji wanachotaka kwa mdomo, naye akawawekea pembeni hadi siku ya soko. Hakuna karatasi, hakuna malipo ya awali. Mjini kote biashara ilikwenda hivyo, kwa Waislamu na Wakristo, kwa wenyeji na Wakongo waliohamia. Mfumo wa Kampala ulijua hali mbili tu: dawa ipo, au imeuzwa. Hali ya tatu, ile ya ahadi, haukuijua, na kwa hiyo ulikuwa ukisema uongo bila kukusudia.

Nilipanda gari hadi Arua kumwona Meneja Mkuu, msomi mwenye haraka daima. Aliniambia kwamba ahadi si bidhaa na haina nafasi kwenye mfumo, na kwamba Hajji aonywe. Nilimkumbusha ule msemo wetu kwamba ahadi ni deni. Akasema misemo haitengenezi ripoti. Basi nikamwambia jambo lililonileta.

"Siku moja mgonjwa atahitaji dawa hiyo. Skrini itasema ipo, tutamwambia ndugu yake asubiri, na Hajji atakuwa amekwisha kuitoa kwa mwenyewe. Nilishamwona baba mmoja akirudi mikono mitupu. Sitaki kumwona wa pili."

Akampigia simu fundi wa Kampala. Hali ya tatu ikaongezwa: imeahidiwa. Ukiichagua, mfumo unakudai jina la aliyeahidiwa na namba yake ya simu. Hajji alipoona majina ya wateja wake kwenye skrini alifurahi, akasema sasa hata akifa leo neno lake litabaki.

Niliporudishwa Arua nikiwa mkuu wa mifumo, mvua zilianza tena. Adhuhuri moja hospitali ikapiga simu. Mama mmoja wa Ayivu alikuwa akipalilia maharage, nyoka akamuuma mguuni, na dawa ya sumu wodini ilikuwa imekwisha. Nikafungua skrini. Arua, hakuna. Koboko, zipo, zote zimeahidiwa, na jina la aliyeahidiwa ni Mama Furaha. Huyu alikuwa muuguzi Mkongo aliyehamia zamani na kufungua zahanati ndogo nje ya mji wa Koboko. Nikampigia Hajji, akakataa kumvunjia neno. Alisema namba yake ipo hapo kwenye skrini, nimwombe mwenyewe.

Nikampigia Mama Furaha. Nilimweleza kila kitu. Akaniambia, bila ukali, kwamba na kwake watu wako shambani, na kwake pia nyoka iko, na kwamba zile dawa amezingoja muda mrefu. Nilijua anasema kweli. Mzigo mwingine haukuwa karibu. Nilimwachia aamue yeye, maana sikuwa na haki ya kumsukuma.

"Huyo mutu iko na pumuzi?" aliuliza.

"Iko."

"Basi, ziende. Lakini jina yangu musifute. Muandike Mama Furaha alitoa."

Pikapu ya tawi iliondoka na boksi la barafu. Dawa zilifika, daktari akazitumia, na mama yule akapona, ingawa mguu haukurudi kama zamani. Mimi sikupumzika. Kila asubuhi hadi mzigo mpya ulipofika nilimpigia Mama Furaha kuuliza kama kuna aliyeumwa kwake, na kila asubuhi niliogopa jibu. Mungu alitusitiri, hakuna aliyeumwa. Mzigo ulipoingia, boksi la kwanza kutoka lilikuwa lake.

Sasa nimestaafu. Vijana wa Arua huniuliza kama kozi hii ina ajira, nami huwaambia kazi zipo, benki, hospitali, viwandani, mradi usione uvivu kutazama na kunyamaza. Wakiniuliza inahusu nini hasa, maneno ya chuoni huwa hayanitoshi, nikaishia kuwasimulia mwezi wangu wa mwisho ofisini.

Mwezi huo yule mama wa Ayivu alikuja akitembelea fimbo. Alitaka kuiona kompyuta iliyojua dawa yake iko wapi. Nikamketisha, nikafungua rekodi ya siku ile. Hakujua kusoma. Aliniuliza jina lake limeandikwa wapi, nikamwambia halimo. Dawa zilikwenda kwa jina la hospitali. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja akauliza hapo pamesemwa nini. Nikamsomea: Mama Furaha, Koboko, ametoa.

"Huyu ananijua?"

"Hakujui."

"Alijua mimi ni mutu wa nani?"

"Hakuuliza. Aliuliza tu kama unapumua."

Kidole chake kilibaki kwenye kioo. Miaka yote ile nilikuwa nimekiona kifaa kikifanya maajabu, na kumbe ajabu lenyewe lilikuwa mstari ule mfupi. Kisha akavuta fimbo yake, akasimama, akauliza magari ya Koboko yanapakia wapi.

Nikazima kompyuta, nikaenda naye.