Nilisema King'ora Hakiwezi Kukosea

Admin, naomba unifichie jina, maana Lushoto tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na tano, fundi wa redio na umeme. Ninalolisema hapa hata mume wangu halijui.

Miaka ile bidhaa za nje zilipoanza kumiminika nchini, mzee mmoja mfanyabiashara wa mboga aliletewa king'ora cha wizi kutoka Dubai, kile kisichotumia nyaya. Sanduku lake linakaa sebuleni, na kila mlango unafungwa kifaa kidogo kinacholipelekea mawimbi ukifunguliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimetoka chuoni. Mzee aliniambia watu walimshauri asimpe mwanamke kazi ile, lakini yeye ananiamini.

Milango ya nyumba ilikubali. Stoo ikagoma. Ilikuwa chini kwenye mteremko, kuta zake za mawe mazito, mawimbi hayakufika sebuleni. Kijitabu kilieleza kwamba hapo katikati kinahitajika kifaa cha kuyapokea mawimbi na kuyarusha tena. Sikuwa nacho. Nikaona aibu kumwambia mzee nimeshindwa. Nilimwacha akae sebuleni, nikaenda nyuma nikafungua mlango wa jikoni, king'ora kikalia. Nikarudi nikamwambia ni stoo hiyo.

Haukupita mwezi, Ijumaa moja mchana, wanaume wakiwa msikitini, wezi walivunja stoo wakabeba pampu ya maji na mabomba ya kunyunyizia dawa. King'ora kimya. Nyumbani alikuwepo Mama Zaina peke yake, mfanyakazi wao wa miaka mingi, ambaye alifundishwa kukizima. Alilia akiapa hakukigusa. Mzee akaniita mbele ya watu wote.

"Mwanangu, hiki kitu kinaweza kukataa kulia chenyewe?"

Mama Zaina alikuwa ananitazama mimi.

"Hakiwezi, mzee," nikasema. "Labda mtu akizime."

Alifukuzwa siku ileile. Akaenda kuchuma chai upande wa Bumbuli, na jina la mwizi likamfuata mpaka huko.

Baadaye niliagiza kile kifaa Dar. Nikaenda kwa mzee nikijifanya nakagua, nikakifunga chini ya paa la jikoni. Tangu hapo stoo ikifunguliwa tu, king'ora kinalia. Mzee akawa anawaambia wageni kwamba tangu yule mama aondoke, mashine haijakosea hata mara moja. Nami nimekaa hapo, nakunywa chai yake.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe hospitali, nikamkuta Mama Zaina kwenye benchi, amezeeka, macho hayaoni vizuri. Nikamwamkia shikamoo. Akaijua sauti yangu, akanishika mkono, wala hakuwa na hasira.

"Wewe ndiye fundi," akasema. "Nimejiuliza miaka yote hii. Labda nilikigusa wakati nafagia bila kujua?"

Ndugu zangu, yule mama ameanza kuamini kwamba kosa ni lake. Nami nikamjibu kwamba ni zamani, sikumbuki.

Mzee bado yu hai na akili zake timamu, na mpaka leo ananiita mwanangu. Nikisema, watoto wake watanichukia na kazi yangu itaishia hapo. Nikinyamaza, Mama Zaina atakufa akijilaumu kwa uongo wangu. Nishaurini, nianzie kwa nani, na nikifika niseme nini?