Tangi Lililoanguka Buswahili

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue saa, mkanda na viatu, nikadhani nimekamatwa. Aliyetoa amri alikuwa Sajinimeja, mkuu wa mafundi wa mfumo wa mafuta katika hanga letu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Alinionyesha tundu kwenye mgongo wa ndege ya kivita, dogo kama mdomo wa mtungi.

"Ingia."

"Wapi, afande?"

"Ndani ya ndege. Umechaguliwa kwa sababu umekonda. Ulidhani ni cheti chako?"

Niliingia kichwa na mikono mpaka kiunoni, nimeshika tochi maalumu isiyotoa cheche. Baada ya dakika chache harufu ya mafuta ilinizidi, nikavutwa miguu na kutolewa nje kama samaki kamongo kwenye tope. Sajinimeja akaniuliza nimeona nini.

"Giza, afande."

"Vizuri. Hilo ndilo utakalosoma mwaka mzima."

Vijana wengi hudhani ndege ya kivita ina tangi moja kama pikipiki. Hapana. Ndege zetu zilikuwa na mifuko ya mpira mgumu iliyopangwa tumboni mfululizo, mingine mbele, mingine nyuma, tena palikuwa na mafuta mengine ndani ya mbawa. Rubani alikuwa ameketi mbele ya mafuta ya taa mengi kuliko yanayouzwa Musoma mjini kwa wiki. Naam, mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta ya ndege za jeti ni ndugu wa yale ya koroboi, ila yamechujwa zaidi. Pampu za umeme huyasukuma kutoka mfuko hadi mfuko kwa utaratibu maalumu, ili mbele na nyuma pasizidiane uzito. Hili mimi mtu wa Mugango, kando ya ziwa, sikufundishwa na mtu. Abiria wote wakikaa nyuma ya mtumbwi, pua inatazama mbinguni na ninyi mnaelekea majini.

Halafu lilikuwepo swali ambalo Sajinimeja alimuuliza kila kuruti: ndege ikigeuka tumbo juu, mafuta yanakwenda wapi? Jibu ni kwamba yanakimbilia darini kama maji kwenye chupa iliyopinduliwa, na pampu iliyo chini inabaki kunyonya hewa. Kwa hiyo kuna tangi dogo karibu na injini, lenye milango inayofunguka upande mmoja tu, yaani mafuta yakishaingia hayarudi. Hilo linailisha injini kwa sekunde chache, na rubani mwenye akili hugeuka tena kabla halijaisha.

La mwisho ni tangi la nje, ambalo ndilo lililonitia matatani. Lina umbo la samaki, linaning'inizwa chini ya tumbo, na halina pampu. Hewa ya moto inachotwa kutoka kwenye injini, inapita katika tundu dogo kwenye shingo ya tangi, inayakandamiza mafuta yapande juu. Mafuta ya humo hutumika kwanza, na likishakuwa tupu rubani anaweza kubonyeza kitufe likaanguka. Lisipotoa mafuta pia huangushwa, maana kutua na tangi lililojaa tumboni ni kutafuta moto.

Likiwa stoo, lile tundu la hewa huzibwa kwa kizibo chekundu ili nyigu wasijenge humo. Fundi anayelifunga hukitoa, kisha husaini fomu.

Ilikuwa miaka ya sembe la njano na foleni za sabuni. Nilikuwa nimeshapata ukoplo. Asubuhi hiyo nikiwa chini ya ndege nafunga tangi, mtu alipita mbio akipiga kelele kwamba sabuni imefika duka la kambi. Nilikaza bolti, nikasaini, nikakimbia.

Ndege iliruka vizuri ikielekea Mara. Huko juu rubani, Luteni mmoja mpole, aliona mafuta ya ndani yanapungua na ya nje hayasogei. Aliamriwa aliangushe tangi mahali pasipo watu. Akachagua mafunjo ya Mto Mara upande wa Buswahili, akaliangusha, akarudi na kutua salama. Hakujua kwamba kwetu penye tope hapakosi mtu anayewinda kamongo.

Kapteni Mhandisi, mkubwa wa mafundi wote, aliniita ofisini.

"Wewe ni mtu wa huko, unajua lugha yao. Nenda ukalete tangi. Hasa shingo yake, tujue kwa nini halikutoa mafuta."

Safari nzima, juu ya lori la pamba, nilijiuliza swali moja: kile kizibo nilikitoa? Nilikumbuka bolti. Nilikumbuka kalamu. Baada ya hapo nilikumbuka sabuni tu. Kama kosa lilikuwa langu, kazi ingeweza kuishia hapo, na Luteni alikuwa na mke na mapacha wachanga.

Buswahili nilipokelewa na Mwenyekiti wa Kijiji, mzee mrefu aliyevaa koti la mvua juani. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, afande! Tunaishukuru Serikali. Tulikuwaga tunaandika barua kila mwezi, mafuta ya taa hakuna, watoto wanasomea gizani. Hatukutegemea yataletwa na ndege!"

Akanisimulia yote. Tope na mafunjo vililipokea tangi kama godoro, likapasuka kidogo tu kwenye mkia. Mwenyekiti akaweka ulinzi, akaita mabalozi wa nyumba kumi, na mafuta yakagawiwa kwa vibaba, wajane kwanza. Kijiji kizima kilikuwa na mwanga.

"Mzee," nikasema, "yale hayakuwa mgao. Ndege ilipata hitilafu."

Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ni koplo. Mambo mengine wakubwa hawawaambiagi."

"Na tangi lenyewe liko wapi?"

Lilikuwa limekatwa vipande viwili. Nusu ya nyuma ilikuwa kwake, ufa umezibwa kwa nta, ndama wawili wananywea maji humo. Ndama mmoja alinitazama kama mtu aliyeingiliwa nyumbani. Nusu ya mbele, pamoja na shingo, alikuwa amempa Mzee Athumani, fundi wa sufuria wa Bunda mjini, kwa kubadilishana na sufuria mbili za shule. Mzee Athumani alikuwa anayeyusha kila bati la alumini analolipata.

Nilipanda lori jingine. Nilimkuta Mzee Athumani barazani kwake, kofia imeinamishwa, anacheza drafti na jirani yake, mshona viatu. Nyuma yao tanuri lilikuwa linawaka. Nilisalimia, nikaeleza shida yangu, na moyo wangu uko kwenye tanuri.

"Umechelewa, afande," alisema kwa upole. "Lilishakuwa sufuria tangu juzi. Zimetoka safi, haziungui chini."

"Hata ile shingo yenye vitundu?"

"Yote. Ila ndani ya kitundu kimoja kulikuwa na kidude kimekaza sana. Nikakichokoa. Ndiye huyu kingi wangu."

Nilitazama ubao. Kete zote zilikuwa vizibo vya soda, isipokuwa moja. Kizibo chekundu, kimesimama katikati kama bwana harusi.

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

"Naomba nikichukue, mzee."

"Hakitoki hapo," akasema mshona viatu, ambaye alikuwa anafungwa. "Akiondoa kingi, mchezo umevunjika, na mimi nitahesabiwa sare."

"Hutaki sare?" akauliza Mzee Athumani.

"Nataka sana! Mpe!"

"Basi simpi."

Nikasubiri. Walicheza mpaka adhana ya alasiri, na katika muda ule niliwaza mengi. Shingo imeyeyuka. Hakuna mwingine aliyejua. Ningeweza kurudi na kusema ushahidi umekuwa sufuria, na ingekuwa kweli. Lakini kwenye fomu lilikuwepo jina langu, na kama si langu wangetafuta la mwingine, labda la Luteni, kwamba alisahau kufungua vali.

Mzee Athumani alishinda, akakifuta kizibo kwa kanzu yake, akanipa. "Ni kitu cha maana hiki?"

"Ni kosa langu, mzee."

"Dogo hivyo?" alisema, akaenda kutia udhu.

Kikao kilikuwa cha watu watatu: Kapteni Mhandisi, Sajinimeja na Luteni. Niliweka kizibo mezani.

"Kwa nini hukukitoa?" Kapteni akauliza.

"Nilikuwa nawahi sabuni, afande."

Kapteni akakigeuza kizibo kidoleni. "Uliipata?"

"Ilikuwa imeisha, afande."

Sajinimeja aligeukia ukuta. Kapteni akavuta karatasi kutoka kwenye faili, barua yenye mhuri wa kijiji iliyonitangulia kambini. Aliisoma kwa sauti kavu. Kijiji kilikuwa kinatoa shukrani za dhati kwa mafuta ya taa, na kinaomba awamu ijayo yaangushwe karibu na shule, kwa kuwa kule topeni akina mama wanapata taabu kufika. Kufikia "akina mama" sauti yake ilikatika. Luteni alikuwa ameshainama anafuta machozi. Mimi peke yangu nilibaki wima, sijui kama ninaruhusiwa kucheka.

Halafu Luteni akaacha kucheka. "Koplo, nilikuwa juu ya Mto Mara na mafuta ya dakika kumi na moja. Nilizihesabu zote."

Hilo ndilo lililoniuma. Nilivuliwa ukoplo, nikaamriwa nichore mfumo mzima wa mafuta kwenye ukuta wa hanga, kila bomba na kila vali, na nimfundishe kila kuruti mpya. Nilichora kwa miezi minne. Mke wangu alitoa kanga yake nyekundu, tukaikata utepe na kufunga kila kizibo, ili utepe ukining'inia kizibo kisisahaulike. Cheo kilirudi baadaye, ila kazi ya kufundisha haikuniacha mpaka nilipostaafu.

Nilirudi Mara, nikakaa Kamunyonge mjini Musoma, wakati maduka yamejaa sabuni za kila rangi na watu binafsi wameanza kumiliki ndege. Binti yangu aliyeko Dar es Salaam alipojifungua, alinitumia tiketi. Nawaambia ukweli ambao hata binti yangu hakuuamini: miaka yote ile nilikuwa sijawahi kupanda ndege. Mafundi wa mafuta hubaki chini.

Uwanjani Musoma nilimfuata rubani, kijana mwenye miwani ya jua, nikamwomba anionyeshe maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, hukaa chini ya tangi, na kila asubuhi lazima yatolewe kwa kijikoki kidogo chini ya bawa.

"Mzee, ulikuwaga fundi?"

"Nilikuwaga."

Akacheka, akainama, akakinga mafuta kwenye glasi, akaiinua juani. Safi kabisa. Nilitaka kupanda, lakini mama mmoja nyuma yangu akasema, "Na mimi nioneshwe." Halafu mwalimu. Halafu padri. Tuliondoka tumechelewa nusu saa, kila abiria ameshaikagua ile glasi na kutikisa kichwa kama mtaalamu.

Ndege ilipoacha ardhi nilifumba macho. Yule mama akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninasali.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Nasikiliza pampu."