Safu ya Kwanza ya Makuti

Nilitoka Kitale kwa lori la mahindi hadi Nakuru, nikapanda treni mpaka Mombasa, nikalala kwenye benchi la stesheni, asubuhi nikachukua basi la Malindi. Kilifi tulivuka kwa feri tukiwa tumesimama kando ya basi letu, tukitafuna korosho. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuchoka kukaa mahali pamoja. Nilidhani Malindi nitakaa mwezi. Nilikaa miaka, na sijakula vizuri vile tena.

Aliyeniajiri alikuwa mjane wa asili ya Lamu, muuza makuti. Sote tulimwita Bi Mkubwa, naye akaniita Mbara, mtu wa bara. Wanawake wa Mambrui walimshonea majumbani mwao, naye akiziuzia hoteli zilizokuwa zikichipuka ufuoni. Mimi nilisukuma mkokoteni, kisha nikapanda juu ya mapaa, kwani alikuwa na ada yake: makuti yake hayaezekwi mpaka watu wake wafunge safu ya kwanza, ile ya chini kabisa ukingoni mwa paa. Alisimama chini na chetezo cha udi, akituelekeza. Safu ikinyooka, tunapata kahawa na halua. Mteja halipi kitu kwa hilo.

"Ikipinda hiyo," alisema, "paa zima litapinda, na jina litakalotajwa ni langu."

Safu hiyo ndiyo iliyomleta afisa wa ushuru wa mafunzo. Sheria iliwataka wenye biashara za ujenzi wachangie kufundisha mafundi, na meneja wa hoteli moja, alipoulizwa nani kaezeka paa lake, alimtaja Bi Mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa dafu kwanza."

Akanywa. "Nina swali moja tu. Wewe unauza makuti au unajenga?"

"Kuna kosa gani nikifanya yote mawili?"

"Hakuna. Ila anayeuza tu halipi ushuru, anayejenga analipa. Sema unauza, mama, mimi nirudi zangu Mombasa. Lakini basi paa usiliguse. Ukifunga hata safu moja, umejenga."

Tulikuwa tukijiwekea pesa za pikapu. Mikokoteni ilikuwa imetumaliza migongo, na ushuru huo ungeisogeza pikapu mbali.

"Bi Mkubwa," nikanong'ona, "sema unauza."

"Nyamaza, Mbara. Mgongo wako nauona." Akamgeukia afisa. "Nisipofunga mimi, safu ya kwanza atafunga nani?"

"Kontrakta wa hoteli."

"Yule wa mabati?"

Wanawake waliokuwa wakifunga mizigo ya makuti wakaangua kicheko. Hata afisa alicheka.

"Andika najenga," akasema Bi Mkubwa. "Na hizo pesa zinamfunza nani?"

"Mafundi. Hata wako. Anayelipa anaweza kuombea mtu wake nafasi chuoni Mombasa."

Akanitazama kama atazamavyo boriti kabla ya kuinunua.

Pikapu haikuja mwaka ule. Nilinung'unika siku kadhaa. Kisha tukapanda paa la mkahawa mmoja njia ya Watamu, safu ikanyooka kama uzi, udi ukafuka, nikala halua mpaka nikausahau mgongo.

Nafasi ilipopatikana, ya kusomea ujenzi wa mapaa, nilitumwa mimi. Bi Mkubwa alinisindikiza hadi stendi na mfuko wa visheti.

"Nitarudi, Bi Mkubwa."

"Wewe? Hurudi. Miguu yako haijui kutulia. Ushuru nalipa mimi, mapaa utawaezekea watu wa kwenu."

"Sasa mbona wanituma?"

"Aliyenifunza mimi alinidai nini? Panda basi. Na popote utakapoezeka, safu ya kwanza ufunge mwenyewe."

Kilifi tukashuka kungoja feri. Penye kibanda cha chai niliinua macho: makuti mapya, safu ya kwanza imepinda kama nyoka. Nikaguna kwa sauti. Mwenye kibanda akaniuliza kuna nini.

"Nani kakuezekea?" nikamuuliza, na feri ikaanza kupakia.