Jino Lililokataliwa na Mabati

Jino la kwanza la binti yangu lilibaki ndani ya muwa. Tulikuwa kwa mama yangu, Musanda, wakati wa likizo, na mtoto alikuwa ameketi mlangoni akipigana na pingili iliyomzidi nguvu. Jino lenyewe lilikuwa likicheza tangu tulipotoka nyumbani kwetu mjini Kakamega. Alipoutoa muwa mdomoni ili autazame, jino lilikuwa limesimama pale kwenye nyama nyeupe, utadhani muwa ndio ulioota meno.

Nililichomoa nikaliweka kiganjani. Nina shahada mbili, na nimewahi kuandika makala marefu juu ya mambo nisiyoyajua, lakini hapo nililigeuzageuza tu. Lilikuwa dogo mno. Kwa chini halikuwa na mzizi. Lilikuwa wazi, limelika kwa ndani kama kikombe cha mdoli. Kwa jino hilo hilo aliwahi kuning'ata kidole kabla hajajua kuniita baba.

Binamu zake wawili, wakubwa kwake, walikuja mbio.

"Mapengo! Mapengo!"

"Funga mlango, kuku wataingia!"

Yeye hakuwajali. "Baba," aliniuliza, "malaika wa meno anajua huku kwa Kukhu?"

Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi. Malaika huyo alikuwa ametoka kwenye katuni: huja ukiwa umelala, akachukua jino chini ya mto na kuacha zawadi. Nilikuwa nikijiandaa kutoa mhadhara juu ya mila na runinga, lakini mama yangu akaniwahi.

"Malaika gani wa kuokota meno? Hana kazi?" Akamshika mjukuu wake mkono, akampeleka uani. "Huku jino anapewa ndege. Unaipa nyumba mgongo, unalirusha juu ya paa. Unamwambia, chukua hili kuukuu, niletee jipya. Na usicheke."

Mtoto akafumba macho. Akatamka maneno yote kwa sauti yake ya kanisani, kisha akarusha.

Sasa, desturi hii ni ya wakati wa nyumba za nyasi. Meno yangu yote ya utotoni yaliingia kwenye paa la jikoni na sikuyaona tena. Nyasi hazikuwa na tabia ya kurudisha kitu. Paa la siku hizi ni la mabati. Mimi ndiye niliyeyanunua, na nilijisifu sana. Jino likagonga, likateremka kwenye mfereji wa bati, tiki, tiki, tiki, likaanguka nyuma ya visigino vyake.

Akajaribu tena. Likarudi tena.

"Limekataliwa!" binamu mkubwa akapaza sauti. "Ndege amekataa!"

Mama yangu alikuwa akicheka, yeye aliyekataza kucheka, na mtoto akainua macho akamtazama mdomoni. Mama hana meno ya mbele ya chini. Yaling'olewa usichanani mwake, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wetu. Kijijini kwao alikuwa miongoni mwa wa mwisho kung'olewa. Nimekua na pengo lile hata silioni tena.

"Kukhu," mtoto akasema polepole, "yako pia yalikataliwa?"

Binamu zake wakasogea wasikie.

"Yangu?" mama akasema. "Hapana! Yangu yaling'olewa na chuma. Na hayakuwa haya ya kitoto, yalikuwa yale makubwa, mazuri kama yatakayokuja yako. Nilienda kwa miguu yangu, nikakaa chini, sikulia. Ndivyo msichana alivyojulikana kuwa ni wa kwetu."

Maneno haya, ya kweli tupu, yalimaliza kila kitu. Mtoto akafunga mdomo, akauziba kwa viganja vyote viwili. Ndege amekataa, na hata akikubali, kuna chuma.

"Ah, hiyo iliisha zamani," mama akamwambia. "Hata hicho chuma sijui kilienda wapi."

Hilo nalo halikusaidia. Chuma ambacho hakijulikani kilipo kinaweza kuwa popote.

Basi elimu yangu ikajitolea. Nilitafuta kwenye simu picha ya taya la mtoto, ile inayoonyesha meno ya ukubwani yamepangana ndani ya mfupa, chini ya yale ya utotoni. "Unaona? Mengine yako tayari, yanangoja tu." Yeye aliona fuvu. Alipiga yowe bila kufungua mdomo, jambo ambalo sikujua linawezekana.

"Profesa," mama yangu akaniambia, "weka hiyo simu mfukoni."

Mtoto alikataa obusuma, ugali wa kwetu. Alikataa hata kuku. Baada ya chakula mama alijinyoosha kwenye mkeka sebuleni, na mtoto akamsogelea kwa magoti, akanyoosha kidole. Mama akaelewa, akafungua mdomo. Mtoto akakipitisha kidole taratibu juu ya ufizi ule uliojifunga tangu kabla sijazaliwa.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Hakuna kitu ndani?"

"Hakuna. Sasa na mimi nione lako."

Akasita. Kisha akafungua. Mama akapapasa penye pengo, mbele chini kama la kwake, akasimamisha kidole.

"Eh! Hebu weka chako hapa. Nyuma kidogo."

Akaweka. Macho yakamtoka.

"Linakwaruza," akasema.

Nilipewa ruhusa ya kutumia simu, tochi peke yake. Nililala sakafuni nikachungulia. Nyuma ya pengo, kwenye ufizi mwekundu uliolowa, ilikuwepo ncha nyeupe yenye makali kama ya msumeno. Nilikuwa nimeyasoma haya yote, na kusoma hakukuniandaa. Wakati tulipokuwa tukimnywesha uji, wakati akijifunza kutamka jina lake, kitu hiki kilikuwa kikijijenga gizani mfupani, kikipanda, kikiula mzizi wa kile kilichokitangulia. Hakuna aliyekiomba. Nikaisogeza tochi karibu zaidi.

"Ndege alilileta saa ngapi?" mtoto akauliza.

Nilimtazama mama anisaidie. Hakunisaidia.

"Sijui," nikasema.

Mama hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amerudisha kidole juu ya ncha ile, amefumba macho, na mtoto alikuwa amekaa mbele yake, mdomo wazi kabisa, akimwacha aendelee kugusa.