Wakwe Wawili Darasani

Wateja wa saluni walimbandika jina Cherehani, ingawa hakujua kushona hata kifungo. Ilikuwa miguu yake tu. Akisuka, mguu unapiga sakafu. Akizungumza, anazunguka chumba kizima. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa akitania kwamba usingizi mzuri huupata akiwa safarini.

Basi halmashauri ikaleta mafunzo ya uongozi kwa watu wa vijijini, kila kijiji kipeleke wanawake wawili. Wa kwanza hakuwa na mshindani: mama mkwe wa Cherehani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama tangu Cherehani hajaolewa. Wa pili akachaguliwa na huyo huyo wa kwanza.

"Nitakwenda na mke wa mwanangu," alisema. "Tunatoka nyumba moja, hatutasumbuana."

Hakuna aliyemuuliza Cherehani mwenyewe.

Ukumbini, mama mkwe alikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, akijibu hata maswali waliyoulizwa wengine. Cherehani alikaa nyuma karibu na mlango, akisokota nyuzi za kitambaa cha meza mpaka zikawa misuko. Mwalimu wao, mwanamke wa sauti ya chini, akatoa zoezi: mtu asimame aeleze jambo linalomkera kijijini kwake, wengine wasikilize tu. Kujibu marufuku.

"Wewe dada wa mlangoni," akasema, "miguu yako ina neno. Njoo."

Watu wakacheka. Cherehani akaenda mbele akikusudia kulalamikia barabara. Sijui alipitiwa na nini, akajikuta anasema:

"Zahanati yetu haina pa kusubiria. Wenye watoto wachanga wananyeshewa. Kuna binti kwenye kikundi chetu, kila mkutano ananyoosha mkono aliseme hilo, na kila mkutano anaambiwa, 'Hilo baadaye.' Hiyo baadaye haijafika. Sasa ameacha kuja."

Hakutaja mtu, wala haja haikuwepo. Mama mkwe alishafungua kinywa.

"Mama, tunasikiliza," mwalimu akamwambia kwa upole.

Kinywa kikafungwa, na Cherehani akatamani ardhi ipasuke immeze.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na baridi. Akiamkia shikamoo, anapewa marahaba kavu, basi. Akawa anafagia ua uliokwisha kufagiwa. Saluni akafumua kichwa cha mteja ambaye hakuwa amelalamika, mpaka mteja akauliza, "Jamani, unanisuka au unanifanyia majaribio?"

Akampigia mumewe simu. "Nimeharibu kwa mama."

"Umemtukana?"

"Sijamtukana. Nimesema kweli, mbele za watu."

"Lo! Heri ungemtukana, tungeomba radhi yakaisha."

Kisha asubuhi moja mama mkwe akatokea saluni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga. Akajitupa kitini, akavua mtandio.

"Nisuke."

Cherehani akashika chanuo, akaanza kuchambua zile mvi taratibu.

"Yule binti," mama mkwe akasema hatimaye, "alikuwa anasemaje hasa? Najikumbusha, sipati. Hilo ndilo linaloninyima raha."

"Hakuwahi kumaliza, mama."

"Mh. Mkutano ujao utauongoza wewe."

"Mama! Mimi hata kukaa kitini siwezi!"

"Ongoza umesimama. Na usinivute nywele, maumivu ya ukumbini yananitosha."

Cherehani mwenyewe alimfuata yule binti kwake akambembeleza. Akaja mkutanoni, mtoto mgongoni. Alipoanza tu kueleza, mama mkwe akadakia, "Lakini hilo sisi tulisha—"

Cherehani akamgeukia. "Mama, naomba amalize."

Mama mkwe akakunja mikono kifuani, akatazama dari, na binti akamaliza. Wakakubaliana waende wote kwa mganga wa zahanati, na mganga akawafungulia ukumbi mdogo wa nyuma uliojaa vitanda vibovu: wavitoe, wenye watoto wasubirie humo. Kusema kweli, huko kwa mganga mama mkwe ndiye aliyesema kuliko wote.

Lakini akina mama wazee wawili walijitoa kikundini wakidai hawawezi kuongozwa na watoto. Jambo hilo likamkaa Cherehani rohoni kama mwiba. Jioni ile ile, chakula kikipakuliwa, akavaa ndala.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Kwa wale wawili waliojitoa."

"Kula kwanza."

"Nitakula nikirudi."

Alishafika kwenye geti aliposikia hatua nyuma yake. Mama mkwe alikuwa anakuja, anajifunga mtandio, anahema.

"Punguza mwendo, mwanangu. Yule mkubwa ukimwendea peke yako, hata mlango hakufungulii."