Makofi Yasiyokoma

Msikiti wa mtaa wetu hapa Bagamoyo ulikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa wa wanaume. Sisi wanawake tulikuwa na chumba nyuma, ukuta katikati na uwazi mdogo wenye pazia, ndipo tulipopitia. Tuliingia kabla yao na kutoka baada yao. Mama yangu miguu ilikuwa imemvimba, hatembei ila kwa mkongojo, lakini sala ya jamaa haikumpita. Nilishamwomba imamu, ambaye ni mjomba wangu, kaka wa mama huyo huyo, atutobolee mlango upande wetu. Likizuka jambo tutatoka wapi? Akacheka. Msikiti si ghala la pamba uwake moto, akasema.

Lilizuka mwezi wa Ramadhani, enzi za Mwingereza, tukisali alasiri. Jirani alikuwa akikaanga sambusa za futari, upepo ukabeba cheche hadi kwenye makuti ya paa, juu ya vichwa vyetu. Mimi ndiye niliyeuona moshi kwanza. Sasa, sheria inajulikana: likitokea jambo ndani ya sala, mwanamume husema "Subhanallah", mwanamke hupiga kofi, hasemi. Nikapiga kofi. Wenzangu wakapiga. Mjomba kule mbele akadhani amekosea rakaa, akaketi. Tukapiga tena, akainuka. Tukapiga kwa nguvu, akaketi, na safu zote za wanaume zikaketi naye. Wakati huo majivu yanamdondokea mama mabegani.

Nikakata sala. Nikapiga ukelele, "Moto! Tokeni, moto!" Nikambeba mama mgongoni, nikachana safu za wanaume, nikipita mbele ya nyuso zao, na wanawake wote nyuma yangu. Hapo ndipo walipozinduka. Maji ya birika la kutawadhia na ndoo za Mhindi mwenye duka mkabala yaliuzima moto, hakuna aliyedhurika, ila nusu ya paa ilikwenda.

Unadhani nilishukuriwa? Baada ya siku mbili niliitwa barazani kwa mjomba, wazee wamejaa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekata sala, umepaza sauti msikitini, umepita mbele ya watu wanaosali. Omba radhi."

"Nimpitishe wapi dada yako, mjomba? Juu ya paa?"

"Omba radhi, ama wewe na mama yako msalie nyumbani."

Mama aliposikia alilia. Mimi sikulia, nilikasirika. Mwanamke mzima, mcha Mungu, anafukuzwa msikitini kwa kosa la kutoungua!

Lakini makuti husukwa na nani hapa kwetu? Nilipita nyumba hadi nyumba, nikawaomba wanawake wasiyasuke mpaka tupate mlango, na hakuna hata mmoja aliyenikatalia. Wanaume wakaleta boriti na fito kutoka Fukayosi, wakazipanga uani, wakangoja makuti. Wakatuma watu vijiji vya jirani kuyanunua, lakini huko nako kuna mashangazi na mawifi zetu, habari ilishawafikia. Masika ikaanza. Wanaume wakasujudu kwenye matope, sisi tukakaa majumbani tukisuka mikeka.

Mvua ya wiki ya pili ilipokatika, nilisikia sululu kwenye ukuta wa msikiti, upande wetu. Mjomba akaja hadi kizingitini kwangu, kanzu imelowa.

"Mlango wenu huo. Sasa sukeni."

"Bado, mjomba. Kofi moja ni kosa la sala. Makofi yasiyokoma ni hatari, na watu wote watoke, pasiwe na wa kutafuta viatu. Tena tufanye mazoezi, maana mwaka huu mmetuonyesha mnavyosikia."

Aliguna sana. Akakubali, kwa sababu mawingu yalikuwa yakijikusanya tena.

Tulifanya mazoezi paa lilipokamilika, baada ya adhuhuri. Nikapiga makofi, nikapiga bila kukoma. Wanaume walitoka peku, wakasimama uani kwenye mchanga wa moto, wakibadilisha miguu. Mjomba akataka kurudi ndani. Nikamwambia bado yumo mtu.

Mama alikuwa akija kwa mkongojo wake, polepole, kupitia mlango wa upande wetu. Wote walisimama juani wakamngoja mpaka akavuka kizingiti. Na radhi sijaomba hadi leo.